X ya Kijani Ukutani kwa Bibi

Juzi nilipita Nzuguni kwenye lami mpya, nikamwomba dereva apunguze mwendo. Nilitafuta palipokuwa jiko la bibi, nikapakosa. Ngoja nikusimulie, rafiki yangu.

Tulikaa kwenye tembe, nyumba ya udongo yenye paa bapa, iliyonukia moshi na mlenda. Miaka nenda rudi redio ilisema serikali imetenga fedha za barabara. Bibi alijibu, "Maneno matupu hayavunji mfupa," akaendelea kupepeta uwele. Siku moja wapimaji wakaja kweli, wakatuchorea ukutani X ya kijani na namba. Jirani, aliyewahi kuwa kibarua wa barabara, akatufafanulia: ikiwa nyekundu unaondoka mikono mitupu, ikiwa ya kijani unalipwa fidia.

Baadaye tukatangaziwa kwamba fungu limetoka, na wathamini wangefika kesho yake. Bibi akafanya alichofanya kila alipotarajia wageni wa heshima: akasiriba nyumba. Mimi ndiye niliyekanyaga udongo na samadi vya kupaka ukutani. Tulisiriba kuta zote, zikapendeza kweli. Bibi hakujua kusoma, lakini mimi nilijua, na sikuwaza.

Asubuhi bibi akawalaki kwa salamu ya Kigogo, "Mbukwenyi, wageni!" Mkubwa wao akamwamkia, akaizunguka nyumba na karatasi zake.

"Bibi, alama iko wapi?"

"Alama gani, mwanangu? Nimewasafishia nyumba."

"Isiyo na alama siiandiki, bibi. Utaratibu ndio huo."

Akaelekea kwenye gari. Niliogopa mno, maana tingatinga lingekuja tu, fidia iwepo isiwepo. Nikaurukia ukuta kwa kucha. Bibi akaja na mwiko wa ugali, akikwangua huku akilia, "Subiri, baba! Subiri!" Gari likawashwa. Vidole vikanitoka damu. Ukajitokeza mkono mmoja wa X, kisha namba. Yule bwana akashuka, akatazama, akaandika. Bibi akapiga vigelegele, nami nikacheza.

Fidia ililipwa, tukajenga nyumba ya matofali kule Mkonze. Ukuta wa saruji hausiribwi. Wageni walipokuja, bibi aliketi tu, mikono mapajani, hadi alipofariki.

Barabara ni nzuri, siisemi vibaya. Ila kila nikipita pale naikumbuka asubuhi ile, nilivyokwangua kwa kucha zangu ili nyumba yetu ikubaliwe kubomolewa, na ilipokubaliwa nikacheza.