Meza Nikisikia

Mwaka ule wa corona kila mtu sokoni Migwani alikuwa anatafuta kinga ya mwili. Tangawizi ilipanda bei, ndimu zikaadimika, na mwarobaini wa kando ya barabara ulichunwa majani mpaka ukabaki vijiti. Mimi, fundi cherehani, nadhani ndimi peke yangu niliyekuwa nanunua vidonge vya kuipunguza.

Nina ugonjwa wa utumbo mpana. Daktari mjini Kitui aliwahi kunieleza kwamba kinga yangu imechanganyikiwa: badala ya kupigana na adui, inampiga mwenye nyumba, inachubua utumbo mpaka unavuja damu. Vidonge huituliza. Kijijini wanasema nina vidonda vya tumbo, nami nilichoka kuwasahihisha. Muhimu ni kwamba nilikuwa nashona sare za shule kutwa nzima bila kukimbilia chooni.

Shule zilipofungwa, nikageuza vitambaa vya sare kuwa barakoa. Hapo nikaanza kuona jambo lililonitia baridi. Waliopita mbele ya kibanda changu walikuwa macho tu, macho juu ya kitambaa cha kijani nilichokikata mwenyewe. Walinisalimia kwa jina langu, nami sikujua ni nani. Mshono niliutambua, mtu sikumtambua.

Kisha akafa jirani yetu, mwashi, mtu wa kubeba saruji begani akiimba. Kwetu kaburi huchimbwa na wanaume wa ukoo, na wanawake huimba mpaka udongo ujae. Yeye alizikwa alasiri na watu waliovaa nyeupe toka utosini hadi miguuni. Sisi tulisimama nyuma ya ua wa minyaa, kimya. Mfuko wa nailoni waliomtia ulikwaruza mchanga, na kuku wa marehemu waliendelea kuchakura karibu na shimo. Niliogopa, sina haja ya kujisifu. Kama mwenye kinga nzima ameenda hivyo, mimi niliyeilaza yangu usingizi ningebaki na nini? Jioni ile sikumeza kidonge, wala jioni zilizofuata. Daktari sikumuuliza, kwa sababu hospitali ndiko walikotoka wale watu wa nyeupe.

Damu ilirudi upesi kuliko nilivyodhani. Nyumbani kwetu choo ni cha shimo, nje, na mlangoni pake huwa pana debe la majivu ya jikoni. Kila atokaye humwaga konzi moja. Mimi nilimwaga mengi, nisije nikaacha alama. Wakati huo mtu akionekana anaenda chooni mara kwa mara, majirani walianza kunong'ona, na baada ya minong'ono lilikuja gari la karantini.

Mama, ambaye sote tunamwita Mwaitu, alianza kuketi kwenye kigoda upande wa pili wa ua, akitazama mlango wa choo. Alivaa barakoa niliyoishona mimi. Kila nilipotoka nilikuta macho yale yamenielekea, hayapepesi, mikono imetulia mapajani. Hakuwa anachambua chochote wala kuongea na mtu. Nilifika mahali nikahisi aliyeketi pale si mama yangu, ni mtu aliyetumwa. Niliona afadhali kukaza tumbo ndani ya nyumba kuliko kupita mbele yake.

Siku moja akanisimamisha.

"Hii majivu natoa mimi kwa jiko," akasema. "Na hatupiki sana siku hizi. Huko ndani unafunika nini?"

"Ni tumbo tu, Mwaitu."

Akasogea karibu, kinyume cha yote ambayo redio ilikuwa imemfundisha, akanishika kiganja. Kilikuwa cha moto. Hakugomba. Alimtuma mdogo wangu akatafute gari, akaketi nami kiti cha nyuma mpaka Kitui, na mlinzi wa hospitali alipomzuia langoni akasimama papo hapo mpaka nikapotea ndani.

Walinipima kwa kijiti cha puani. Nilikuwa nayo corona, mimi ambaye sikuwa nimekohoa hata kidogo. Daktari akaniambia kuna watu ambao huanzia tumboni, kuhara tu na homa, na kwamba kosa kubwa lilikuwa kuacha dawa bila kuuliza, maana sasa mwili ulikuwa na vita viwili. Wangezirudisha polepole, wakinichunga. Nilikubali kwa kichwa. Muuguzi alipoondoka, nilikiweka kidonge chini ya ulimi na kukitema kwenye shuka.

Sijui Mwaitu alijuaje. Alinipigia simu saa ya dawa.

"Weka hiyo simu kwa mdomo. Meza nikisikia."

Mzee mzima, nikameza kama mtoto. Aliposikia kidonge kikishuka kooni, akasema vizuri, akakata. Ikawa hivyo kila jioni. Damu ikapungua, nikaanza kunywa uji. Kupitia ukutani, wodi ya pili ya corona, walikochanganywa wanaume na wanawake, kulikuwa na mwanamume mwenye kikohozi cha ajabu: kikavu, kinapanda, kisha kinakatika katikati, na wewe unabaki umeshika pumzi ukingoja nusu iliyobaki.

Baadaye sauti ya Mwaitu ikawa fupi. Nilimuuliza kama ni mgonjwa. Akasema yuko jikoni, moshi umemzidi. Mdogo wangu nilipompigia, alisema mama yu salama, akaharakisha kukata.

Jioni moja alipiga kama kawaida. Nyuma yake palikuwa na mvumo wa mashine, nikajiambia ni posho mill inayosaga unga. Ndipo kile kikohozi kikapanda ukutani, kwenye sikio langu la kushoto. Na kwenye simu, sikio la kulia, kikapanda kilekile, kikakatika palepale.

Nilitaka kusema Mwaitu, uko hapa. Akanitangulia.

"Meza," akasema. Neno lilimchukua muda mrefu. "Nikisikia."

Nilimeza kwa sauti kubwa, ili isipotee njiani. Akasema vizuri. Nikaweka kiganja ukutani, nikakiacha pale.

Kesho yake saa ya dawa simu haikulia. Yule mwanamume alikuwa bado anakohoa, naye muuguzi aliposimama kitandani pangu na kidonge hakuweza kunitazama usoni.