Saa ya kompyuta iliyomfanya mdogo kuwa mkubwa

Saa moja kasoro dakika kumi asubuhi. Karani wa vizazi anaweka pochi yake juu ya kabati la mafaili na kuwasha kompyuta. Anatazama saa iliyo pembeni ya kioo, anatazama ya mkononi, kisha anachungulia ya ukutani. Zote tatu zinakubaliana, lakini bado haamini.

"Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka," anasema.

Kwa miaka kumi na moja ameandika karatasi za uzazi hospitalini hapa, za watoto watano au sita kwa siku. Mkunga anagonga dirisha, karani anabonyeza kitufe, na kompyuta yenyewe inaweka saa ya kuzaliwa.

Mwezi uliopita saa hiyo ilianza vituko. Kila asubuhi aliikuta imerudi nyuma saa kumi na nane kamili. Akiirekebisha, mchana kutwa ilitulia, kesho yake yale yale. Fundi alibadilisha betri inayotunza saa mashine ikizimwa, akaibadilisha tena, akakuna kichwa.

"Dada, betri ikifa saa inarudi miaka, hairudi saa kumi na nane," alimwambia. "Hapa hata mimi nimechemsha."

Ndipo jioni moja wakaja wazazi wa mapacha. Karatasi ya binti ilisema 18:40. Ya kaka yake ilisema 1:05, siku hiyo hiyo. Baba, dereva wa lori aliyerudi safari siku mbili baadaye, alikuwa ameshawatangazia ndugu kwamba kifungua mimba wake ni wa kiume. Mkewe akakataa: wa kwanza alikuwa wa kike.

"Nilimwambia karatasi haikuwa na uchungu, yeye ndiye aliyekuwa nao," baba anakiri kwa aibu.

Mama alishaanza kujitilia shaka. "Nikajiuliza, hivi nilikuwa na akili zangu kweli?"

Karani naye alichanganyikiwa. Mapacha wapishane saa kumi na saba? Wakiwa bado wanabishana, akaingia karani wa zamu ya jioni, mzee anayekaribia kustaafu, aliyehamishiwa zamu hiyo mwezi huo huo. Akavaa miwani, akaona 19:02, akaguna.

"Mashine hii! Saa kumi na tisa wameiona wapi?" Akabonyeza hapa na pale, ikawa 1:02. "Samahani, mwanangu. Kila jioni nakurekebishia, nikanyamaza nisije nikakuaibisha."

"Nilicheka, kisha nikataka kulia," anasimulia karani. "Asubuhi mimi namsahihisha, jioni yeye ananisahihisha!"

Wakafungua daftari la mkunga. Wa kike, saa kumi na mbili na dakika arobaini. Wa kiume, saa moja na dakika tano. Mama alimwomba mumewe asome kwa sauti, akamwomba asome tena.

Tangu siku hiyo karani amerekebisha karatasi hamsini na nane, na baada ya kazi huzipeleka majumbani mwenyewe. Zimebaki tano. Pia amemwandikia mganga mkuu, akiomba kila mama asomewe karatasi kabla haijagongwa muhuri.

"Tulimuuliza fundi, tukabadilisha betri mbili," anasema. "Aliyezaa hatukumuuliza."