Kuku Mwekundu na Kamati ya Ukweli

Watoto wa leo wakitaka kujua jambo wanaiuliza simu, na simu inawajibu bila hata kuamkiwa. Enzi zetu kule Bongwe, miaka ya tisini ikielekea ukingoni, ukweli ulifuatwa kwa miguu, hata kama uko Msambweni na jua ni la saa saba.

Tulikuwa darasa la sita. Mwalimu wetu, Mwalimu Mutua, alikuwa ametoka Ukambani na imani moja kubwa: watoto wameharibiwa na hadithi. "Sungura haongei," alitutangazia siku ya kwanza, kwa uchungu wa mtu aliyewahi kudanganywa na sungura. Akaamua darasa letu liwe na maktaba yake, ya vitabu vya mambo ya kweli tu. Fundi akagonga rafu kwa mbao za kitanda kilichokufa, ikasimama kando ya ubao, tupu, ikinuka kunguni. Mwalimu mkuu akatoa sharti: shule ikifungwa rafu haijajaa, inahamia ofisini kuwekewa vikombe vya chai.

Baba wa mwenzetu Mwanasiti, aliyekuwa akifua mashuka katika hoteli moja ya Diani, alituletea vitabu walivyoviacha wageni. Kimoja kilikuwa cha Kijerumani, cha kuteleza juu ya theluji. Kingine kilihusu kutunza mashine ya kufulia. Tulivisoma kwa picha mpaka vikatukaa kichwani. Hadi leo ninaweza kukuonyesha namna ya kukunja magoti ukiteremka mlima wa theluji, ingawa mlima wenyewe sijauona.

Vilivyopungua tuliviandika wenyewe, kwa karatasi za daftari zilizoshonwa uzi na jalada la kaki lililobandikwa kwa uji wa unga wa ngano. Lakini hakuna kitabu kilichopanda rafuni kabla Kamati ya Ukweli haijaenda kukihakiki. Kamati ilikuwa ya watu watatu, na mwenyekiti alikuwa Mwanasiti huyohuyo, msichana mwenye jicho la hakimu. Kitabu cha Kombo kuhusu pweza kilirudishwa mara mbili kwa sababu idadi ya mioyo haikutimia mitatu.

Mimi jina langu halikuwahi kuandikwa popote pale shuleni isipokuwa kwenye orodha ya wapiga kelele. Kwa hiyo nilitaka kuliona juu ya jalada kwa roho yangu yote. Nikamwandika kuku mwekundu wa bibi yangu, aliyekuwa akilalia mayai. Kurasa saba, siku baada ya siku, hadi sentensi ya mwisho: "Siku ya ishirini na moja vifaranga watatoka." Kamati ikapanga kuja siku ya kumi na tisa kumkagua.

Asubuhi ile nilimwambia bibi, "Bibi, leo kuna wageni kutoka shule," nikaenda zangu. Hilo ndilo lilikuwa kosa langu lote.

Saa kumi tukafika, mimi mbele, kamati nyuma na madaftari yao.

"Shikamoo, bibi!"

"Marahaba, wanangu. Karibuni. Wazazi hawajambo?"

Jamvi jipya lilikuwa limetandikwa, birika la kunawia liko tayari, na harufu ya nazi na bizari imejaa uani.

"Bibi," nikanong'ona, "kuku wangu yuko wapi?"

"Unanong'ona nini mbele ya wageni? Yumo sufuriani."

"Mbona yule? Kuku wamejaa hapa!"

"Hao wengine wanakimbia. Huyu alikuwa amekaa."

Kwetu mgeni hakatai chakula, na kamati ile haikuonyesha nia yoyote ya kukataa. Mwanasiti akala paja, akanawa, akafungua daftari.

"Kitabu kinasema kuku ni mwekundu," akasema. "Huyu ni wa manjano."

"Ni bizari hiyo, wewe!"

"Mimi naandika nilichokiona."

"Na mayai?" akauliza mjumbe mmoja, mfupa mdomoni.

"Mayai nimempa bata," bibi akasema. "Analalia yake kule nyuma ya jiko. Machache zaidi hatayajua."

Kesho yake Mwalimu Mutua akasoma ripoti mbele ya darasa: kuku hayupo, rangi haikuafiki, mayai yako kwa mwingine. Darasa likavunjika mbavu. Nilisubiri kitabu changu kitupwe.

"Hiki si cha uongo," akasema. "Hakijaisha tu. Nenda ukaandike kilichotokea."

Nikaandika ukurasa wa nane huku nalia: "Siku ya kumi na tisa kuku huyu aliliwa na kamati iliyokuja kuhakikisha kwamba yupo." Na siku chache baadaye, wa tisa: "Siku ya ishirini na moja vifaranga sita walitoka chini ya bata. Aliwapeleka dimbwini, wakasimama ukingoni wakimshangaa." Mwanasiti alikuja mwenyewe kuwahesabu. Akatia sahihi, na kitabu kikapanda rafuni, jina langu likitazama darasa zima. Walimu wakaendelea kuweka vikombe vyao dirishani.

Juzi binti yangu alipewa kazi ya shule kuhusu kuku anayelalia mayai. Akaiuliza simu, akaandika siku ishirini na moja, akapata alama zote. Nikamwuliza huyo kuku wake ni wa rangi gani, na ni wa nani. Akanitazama kama vile mimi ni mtu anayehitaji kwenda kulala. Bibi hayupo tena, na uani kwake pamejengwa nyumba za kupanga. Mimi nimesoma hadi chuo kikuu na nimeandika mambo mengi tangu hapo, lakini hakuna hata mtu mmoja aliyewahi kuja nyumbani kuhakikisha kama nasema kweli. Angekuja, ningemchinjia.