Picha ya Yaya, Bila Kofia

Kabla forodha haijanimeza nilikuwa mpiga picha: harusi, ubatizo, wanafunzi wenye miwani ya kuazima. Halafu miaka yote iliyofuata nilifungua mizigo ya watu bandarini hapa Kisangani, nikajua kwamba kila mtu anaficha kitu. Nilipostaafu, binti yangu aliye Kinshasa akanitumia kamera. Bila kuombwa! Nikaigeuzageuza nikitafuta sababu, sikuiona.

Wa kwanza niliyetaka kumpiga picha ni yaya, dada yangu mkubwa, aliyeletwa kutoka Opala kwa sababu ya ugonjwa wa moyo. Picha zake zote zilipotea wakati wa vita. Nilikuwa naogopa, nasema wazi, asije akatuondokea tukabaki bila sura yake. Asubuhi moja nikampelekea kikwembe, kitenge kipya, nikamwambia akivae, akae karibu na dirisha.

Akatazama kikwembe, akatazama kamera.

"Ile picha iko ya nini?"

"Ya kuweka tu, yaya."

"Ya kuweka wapi? Mbele ya sanduku?"

Kwetu, kwenye matanga, picha kubwa ya marehemu lazima isimame mbele ya jeneza, na familia isiyo nayo huaibika. Ndiyo maana watoto huanza kutafuta picha nzuri mzee angali anakula fufu yake. Nikaapa kwamba mimi simo. Uongo mtupu! Watoto wa yaya walikuwa wameniomba picha hiyohiyo, kubwa, ya kifua na uso, juma lililopita.

Yaya akacheka hadi akakohoa.

"Eh, mudogo yangu! Watu walikudanganya bandarini miaka yote ile, na hata kudanganya haukujifunza?"

Hata hivyo akakivaa kikwembe, akaketi dirishani, akanikazia macho kama mtu anayengoja risiti. Nikampiga picha tatu.

"Bon," akasema. "Na wewe, mutoto yako alikutumia kamera. Picha ya kwanza alikuomba iko ya nani?"

Nikatoa simu mfukoni. Ujumbe wa binti yangu, uliokuja pamoja na kamera, ulikuwa bado humo: *Papa, ujaribu kwanza na yako mwenyewe. Ya kifua. Bila kofia.* Mimi, mkaguzi mzima, niliusoma mara ngapi nisione kitu!

Kwanza nilikasirika, haki ya Mungu. Halafu nikavua kofia, nikampa yaya kamera, nikamwonyesha pa kubonyeza.