Kisanduku cha Idadi ya Ng'ombe

Nimechoka kuulizwa tunatatua tatizo gani. Kwa miaka mitatu nimelijibu swali hilo mbele ya wawekezaji kwenye kumbi zenye viyoyozi, na kila mara nilianza na picha ya ng'ombe. Wanaguswa sana na picha ya ng'ombe, watu ambao hawajawahi kumshika hata mkia.

Tulikuwa wawili, mimi na rafiki yangu wa chuo aliyekulia Dar. Ofisi ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la madaftari, mtaa wa Kambarage. Aplikesheni yetu haikuwa na mambo mengi: mfugaji anasajili mifugo yake kwa simu, ugonjwa ukiingia daktari wa mifugo anajua aende wapi na abebe chanjo kiasi gani. Rafiki yangu akaweka kisanduku cha idadi ya ng'ombe, na bila kukijaza huendelei mbele. Nilikiona. Mimi Msukuma, niliyechapwa nikiwa mdogo kwa kusimama zizini na kuhesabu kwa kidole. Kwetu idadi ya ng'ombe wa mtu haisemwi hovyo, maana majirani wakishaijua, husuda inaingia hadi zizini. Nilijua yote hayo nikanyamaza, kwa sababu wawekezaji walitaka takwimu.

Watu wakajaza. Hakuna aliyetukatalia usoni, walitudanganya kwa adabu tu. Baba yangu, anayeishi kijijini nje ya Kagongwa, nilimsajili mwenyewe.

"Andika saba," akasema.

Nikaandika saba. Zizi lilikuwa mbele yetu na sote wawili tulikuwa tunaliona.

Mwaka jana homa ya mapafu ya ng'ombe ikaingia. Daktari akagawa chanjo kwa kufuata orodha yetu, nami nikafuatana naye kwa pikipiki, nimevimba kichwa kwa fahari. Tulipofika nyumbani kwa baba, majirani walikuwa wamejaa kwenye uzio. Saba wakachomwa.

"Shikamoo tena, mzee," daktari akasema. "Nina dozi za akiba kwenye kasha. Hawa wengine je?"

Baba alinitazama mimi kwanza, kisha akatazama uzio.

"Hao ni wa watu. Wenyewe watakuja."

Ingetosha niseme neno moja. Ningemvunjia heshima mbele ya kijiji kizima, lakini ng'ombe wangepona. Nilijifanya napangusa kioo cha simu. Daktari akafunga kasha, tukaondoka.

Sikwenda nyumbani kwa wiki kadhaa. Niliona aibu, na ndugu walikuwa wanapiga simu kunieleza kila ng'ombe aliyeanguka, kama vile sikuwa nimeelewa. Halafu baba akapiga mwenyewe.

"Ng'wanawane," akaniita, mwanangu, kama alivyokuwa akiniita zamani. "Njoo na ile simu yako."

Nilimkuta ameketi kwenye kigoda. Alikuwa amekonda. Hakunilaumu, na heri angenilaumu. Alitaka kujua kama ile mashine inapokea na habari za waliokufa. Nikamwambia inapokea.

"Basi waandike, ili daktari akirudi abebe chanjo za kutosha watu wengine. Hao wangu sasa hakuna wa kuwaonea kijicho."

Akavuta pumzi, akatazama chini.

"Kumi na tisa."

Sikuwahi kumsikia baba akitaja idadi ya kweli ya ng'ombe wake maishani mwangu. Niliandika, nikabonyeza. Simu ikatetemeka, maandishi mekundu yakatokea: waliokufa hawawezi kuzidi waliosajiliwa.

Baba hajui kusoma. Alinyoosha shingo kuitazama.

"Imesemaje?"

"Imepokea, baba," nikamjibu.