Aliyewanawisha Wenzake

Nakumbuka Alhamisi moja, mwanangu, jua la Kahama limewaka mpaka mabati ya chumba chetu yanalia, na binti mmoja ameketi mbele yangu amevaa sweta. Sweta, wewe! Mimi nilikuwa najipepea kwa kipande cha boksi, yeye amefunga vifungo mpaka shingoni. Niliona. Nakuambia mapema kwamba niliona, maana watu wakisikia habari hii hudhani sikuona, wakanionea huruma nisiyoistahili.

Wiki ijayo unakipokea kikundi kile kutoka mikononi mwangu. Watakukabidhi ufunguo, viti vya plastiki na birika la kunawia. Mimi nataka kukukabidhi woga. Usicheke. Juzi ulipoulizwa kama uko tayari, ulisema huogopi kitu, na wenzako wakakupigia makofi. Hukuona kwamba mikono yangu ilibaki mapajani.

Wakati ule sikuwa msichana. Nilikuwa nimeshauguza wagonjwa wa akili kwa miaka na kulea mapacha wangu. Lakini katika kazi ya kikundi nilikuwa mtoto mchanga, nimetoka semina na cheti na maneno laini. Wagonjwa wetu walikuwa wa kuja na kurudi makwao: watu ambao chakula kiliwageuka kikawa adui. Mmoja hali, mwingine anakula kwa kificho mpaka tumbo linamuuma, kisha anakwenda kujitapisha. Wote walikuwa njiani kupona. Kila Alhamisi walikutana, wakasema ya moyoni, kisha tukala pamoja, maana kula mbele ya watu ndiyo ilikuwa dawa yenyewe.

Mtaani hawakutuelewa. Ukanda huu wa dhahabu, mtu akikonda watu wameshamaliza kesi: ana ngoma, yaani ukimwi, au ana kifua cha migodini, au karogwa. Eti kuna mtu anaogopa ugali? Walitucheka mpaka wakachoka.

Binti mwenye sweta aliitwa Minza. Mama yake alikuwa akiuza chakula Bugarama, wanakokula wachimbaji na madereva wa malori. Minza alikuwa amekulia katikati ya masufuria, na humo humo ndimo alimoachia kula. Kwenye kikundi hakuna aliyempita kwa adabu. Tulikuwa tunakula sinia moja kama tulivyolelewa, ugali katikati, dagaa na nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, pembeni. Yeye ndiye aliyepita na birika kuwanawisha wakubwa, akipiga goti kidogo kwa kila mmoja. Akiketi, anamega tonge, analichovya, analizungusha vidoleni, halafu anasogeza dagaa wazuri upande wa wakubwa. Kabla hujajua, ameinuka kufuata maji ya kunywa. Ukimwuliza, anasema, "Nimeshiba, mayu. Wabeja." Mayu ni mama, na wabeja ni asante, nani atamkemea mtoto anayekuita mama na kukushukuru?

Mimi nilimsifu. Nilisimama mbele ya wenzake nikasema, "Mnaona malezi haya?" Akainama, akatabasamu.

Alhamisi hiyo ya jua kali aliponinawisha, vidole vyake viligusa vyangu. Vilikuwa vya baridi, mwanangu. Maji yenyewe yalikuwa ya vuguvugu kwa joto la siku ile, lakini vidole vyake vilikuwa kama vya mtu aliyelala nje. Nikamwona akishika ukuta kabla ya kukaa. Kitu kikanishuka tumboni, kizito, nikajua jina lake hapo hapo: woga. Nikakimeza. Nilijiambia kiongozi wa kikundi hapaswi kutetemeka, nikimbana nitamfukuza, nimwache mpaka Alhamisi ijayo nimwulize taratibu. Wazee walisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Mimi siku ile nilichagua ushujaa.

Alhamisi iliyofuata kiti chake kilikuwa kitupu. Nilifungua mazungumzo kama kawaida, sauti yangu tamu kama ya mtangazaji wa redio. Nikaona Baba Lukas hanitazami. Huyu alikuwa dereva wa bodaboda, jibaba ambalo pikipiki yake ilikuwa inastahili kuonewa huruma, na ndiye yule wa kula kwa kificho na kujitapisha. Kwa kawaida ndiye aliyetuchekesha. Siku hiyo alikuwa amekunja mikono kifuani.

"Sista," alisema, "mimi toka wiki iliyopita naogopa. Wewe huogopi?"

Nikaanza kumjibu kwa maneno ya semina, kwamba hisia zote zinakaribishwa hapa. Akanikatiza, na Baba Lukas hakuwa mtu wa kukatiza watu.

"Yule binti hali. Kila anachosogeza, anasogeza kwangu, na mimi nakila. Wiki nzima iliyopita nimejiuliza: chakula chake nimekula mimi. Mimi mgonjwa wa kula, yeye mgonjwa wa kutokula, tumewekwa sinia moja, na wewe unatusifu adabu!"

Hakuna aliyecheka. Nikapiga simu ya Minza, haipatikani. Ya mama yake inaita tu. Nikawaomba wengine wabaki na mwenzangu wa zamu, nikapanda nyuma ya Baba Lukas, tukashika njia ya Bugarama.

Safari ile sitaki kuikumbuka lakini inajikumbusha yenyewe. Kila lori lililotupita na vumbi lake nilidhani limebeba maiti. Nilimwona Minza kitandani, nikamwona amefunikwa, nikaona mama yake anapiga mayowe na kunyoosha kidole kwangu. Nilisali sala ambazo hazina mwanzo wala mwisho. Mgongo wa Baba Lukas ulikuwa umelowa jasho, na mimi nimeushikilia.

Tulipofika, banda limejaa wachimbaji, na Minza yuko wima, amevaa sweta lake, anahudumia. Nikapumua. Mama Minza akaja amechangamka, mkono mmoja una mwiko.

"Karibu, nesi! Simu iko huko kwenye chaji. Leo nimezidiwa na wateja, nikamzuia Minza nyumbani. Si unamwona? Anafanya kazi kuliko mimi."

Nikaketi. Woga ukaanza kuniaga, na mimi nikaufungulia mlango utoke. Minza akaja na birika na beseni. "Shikamoo, sista." Nikaitika marahaba, nikanyoosha mikono. Maji yakaanza kunimwagikia vidoleni, kisha kwenye viganja, kisha kwenye sketi. Nikainua macho. Alikuwa ananitazama lakini hanioni. Birika likaanguka kwanza, yeye akafuata.

Watu waliinuka wote kwa pamoja. Huyu anasema kifafa, msimguse. Yule anasema mpeni soda. Mwingine anamtaja mganga wa jirani. Nilishika mkono wake kutafuta mapigo; yakapiga, yakanyamaza, yakapiga mawili ya haraka, yakanyamaza tena. Nilibaki nimeinama nikisubiri pigo lililofuata, na sijawahi kusubiri kitu kama nilivyolisubiri lile.

Mama Minza alikuwa ameshamfunika kwa kanga. "Ni jua tu," akawaambia wateja kwa sauti kubwa. Kisha akaninong'oneza, "Nesi, usimtoe hapa kwa gari mbele za watu. Watasema ana ngoma, na ndiye anayewanawisha wote hawa. Kesho nitampikia nani? Mwache alale ndani, jioni atakuwa sawa."

Nilikuwa na jibu la kitaalamu tayari mdomoni: mama, tutulie kwanza, tulizungumze. Sijui lilikwenda wapi. Nilichosikia ni sauti yangu ikitetemeka mbele ya banda zima.

"Mama Minza, naogopa. Toka Alhamisi iliyopita naogopa, nimenyamaza. Mtoto huyu anakufa, na sisi tunamfunika kanga."

Mwiko ukamtoka mkononi. Uso ukamvunjika.

"Na mimi naogopa, mayu," akasema. "Kila usiku namwekea kiganja puani nisikie kama anahema. Nilidhani naogopa peke yangu. Nilijua wewe mtaalamu ungeniambia kama kuna hatari."

Sikia hapo, mwanangu. Mimi niliogopa nikanyamaza kwa sababu ya cheo changu. Baba Lukas aliogopa, lakini alimaliza wiki nzima akisema labda sista anajua. Mama mtu aliogopa akatulia kwa sababu mimi nimetulia. Na Minza mwenyewe, alituambia baadaye, alikuwa akisikia moyo wake unaruka, akaona aibu kutusumbua baada ya sifa zile zote. Woga wa watu wanne ulikuwa unamzunguka binti mmoja, na hakuna aliyeufungulia mdomo mapema. Mficha maradhi kilio humfichua. Sisi kilio kilishafika kizingitini.

Mchimbaji mmoja, ambaye chakula chake kilikuwa kinapoa mezani, akatoa gari lake bila kuulizwa. Njiani Mama Minza akataka kumnywesha binti yake uji aliobeba kwenye chupa ya chai, kikombe baada ya kikombe. Nikamshika mkono. Mwili uliokaa na njaa muda mrefu ukilishwa kwa pupa unaweza kufa kwa chakula kile kile. Hilo walitufundisha semina, na hapo nakiri semina ilinifaa. Hospitalini daktari alimpima, akasema chumvi za damu zimeshuka na moyo unayumba. Akasema, "Mngengoja mpaka jioni..." Hakumaliza, akaenda kutundika dripu. Baba Lukas alikaa nje kwenye ngazi mpaka mama mtu alipotoka kumwambia kwamba amefungua macho.

Minza aliishi. Usidhani nasema hivyo ili tulale vizuri. Baada yake nimewahi kukaa msibani, nikala ubwabwa wa matanga ya binti ambaye mimi sikumwahi, na ule ubwabwa haujashuka mpaka leo.

Aliporudi kikundini alikuwa bado mwembamba. Hatukutumia sinia tena. Kila mtu alikuwa na sahani yake, ingawa Baba Lukas alilalamika kwamba huo ni uchoyo wa kizungu. Minza akaingia, akasalimia, na mkono wake ukaenda wenyewe kwenye birika. Nikamtangulia.

"Leo kaa," nikamwambia.

"Sista, haiwezekani unininawishe."

"Kaa, mwanangu."

Nikapiga goti mbele yake, mimi niliyemzidi kwa umri wa kumzaa, nikammiminia maji. Vidole vyake vilikuwa na joto kidogo, kidogo tu. Akasema, "Naogopa hii sahani." Nikamjibu, "Na mimi naogopa." Akala kidogo huku machozi yanamtoka, na hakuna aliyemsifu.

Basi chukua haya, uyafunge kwenye ncha ya kanga yako. Anayewahudumia wote, mtazame sahani yake. Usimwambie aliyerudi kwamba amenenepa amependeza, hata kama kwetu hiyo ni salamu ya heri, maana kwake ni kisu. Mgonjwa mtulivu akuogopeshe kuliko anayekupigia kelele. Na tumbo lako likishuka kama langu siku ile, usingoje Alhamisi nyingine. Sema "naogopa" mbele ya mgonjwa, mbele ya mzazi, mbele ya daktari anayetazama saa yake. Ukikosea, watakucheka, na utacheka nao, na mgonjwa wako atakuwepo kucheka pia.

Nenda, mwanangu. Mungu aliyekupa mikono ya kuuguza akupe na woga wa kuitetemesha kwa wakati, na ulimi usioona aibu kuutamka. Viti vyako visipungue mtu. Na siku utakapochoka kuwanawisha wengine, asikose mmoja wa kukwambia kaa, akakumiminia maji.