Mabonyeo ya Kikohozi

Kila asubuhi, kabla hajavaa ovaroli, baba yangu mdogo alikuwa akifumba macho na kupitisha kiganja ubavuni mwa gari lililolala gerejini. Alianzia taa za mbele akaishia za nyuma, taratibu, kama mtu anayempapasa ng'ombe asiyemzoea. Macho yanadanganywa na rangi, alisema, ndiyo maana anayafunga. Akifika mahali palipobonyea, hata kama ni padogo kama ukucha, kiganja kinasimama. Kwa hiyo gereji nzima ilimwita Kiganja. Mimi nilimwita Ba'mdogo.

Kazi yake ilikuwa kunyoosha bodi. Gari likigongwa, likiletwa limekunjamana kama karatasi, yeye ndiye alilirudisha likawa gari. Lakini bango la getini lina jina la baba yangu, kaka yake, peke yake. Lina pia picha ya Baba ameshika nyundo. Nyundo ile sijawahi kumwona akiipigia kitu. Siku ya picha aliiazima kwa Ba'mdogo, na hata kuirudisha hakuirudisha, aliiacha juu ya pipa, Ba'mdogo mwenyewe akaifuata.

Mimi nilikuwa nakaa kwenye kibanda cha ofisi, kazi yangu kupokea simu na kutunza funguo za wateja, tangu nilipoacha shule. Kibanda kina dirisha pande zote. Ukikaa mle huna haja ya kuuliza nani kafanya nini.

Baba hasemi, anatangaza. "Kiganja! Umelala?" Mtu kalala chini ya gari, miguu tu ndiyo inaonekana, mkono unapiga nyundo, na bado anaulizwa kama amelala. "Kiganja! Mteja anataka gari leo, si akifufuka!" Ba'mdogo alijibu neno lile lile kila mara. "Sawa, kaka." Nilikuwa nalichukia neno lile. Nilikuwa natamani siku moja alimeze, aseme jingine.

Sasa, saa ya chakula, wenzake wakikaa kivulini na sahani zao, yeye aliingia kwenye chumba cha makopo ya rangi na kufunga mlango. Mle ndimo alimokuwa akiunda Kikohozi.

Kikohozi lilikuwa lori la babu, baba yao wao wawili. Lilibeba mchanga na kokoto. Liliitwa hivyo kwa sababu halikuwaka bila kukohoa kwanza, kohoo, kohoo, mpaka mtaa mzima unaamka. Babu alipofariki, Baba aliliuza kwa watu wa chuma chakavu, wakalikata vipande. Imebaki picha moja, babu amesimama kando ya mlango, kofia yake imefika kwenye kioo cha pembeni.

Kwa picha hiyo Ba'mdogo aliamua kuliunda upya, dogo, la kuendeshwa kwa rimoti. Si mdoli wa dukani. Lori lenyewe, kila kipimo kimegawanywa kwa kumi. Vipimo atavipata wapi, na lori limeshakuwa nondo za nyumba za watu? Alijua yeye na babu walikuwa wamelingana urefu. Akasimama ukutani na kofia kichwani, nikamwekea alama ya chaki, na kutoka kwenye alama ile akapata kioo, kutoka kwenye kioo akapata mlango, kutoka kwenye mlango akapata tairi na lori zima.

Bodi aliikata kwenye makopo ya rangi. Fremu ya chini ilitoka kwenye aluminiamu ya dirisha lililovunjika. Springi, zile za bapa zinazolala moja juu ya nyingine, alizikata kwenye utepe wa chuma wa kupimia. Mota ilitoka kwenye mashine ya kutobolea iliyopasuka kasha. Matairi aliyachonga kwa kisu kwenye mpira mnene, jino kwa jino, na vidole vyake vilikuwa na plasta muda wote ule. Zaidi ya mwaka alihangaika nalo.

Halafu, lilipokamilika, likiwa safi limenyooka, akachukua kijinyundo akaanza kulibonyeza.

Nilishtuka. "Ba'mdogo, unaharibu!"

"Tulia, mama. Sasa ndiyo natengeneza."

Mtu ambaye kutwa nzima anafuta mabonyeo ya watu, pale alikuwa anayatia, kwa uangalifu ule ule. Bonyeo la mlango wa kushoto ni babu alilipiga teke, mvua inanyesha na mlango hautaki kufunga. Bampa lililopinda upande ni Baba mwenyewe, siku alipopewa usukani mara ya kwanza akiwa mvulana, akaenda nalo mpaka kwenye nguzo ya geti. Kwenye sakafu, upande wa abiria, alitoboa tundu la kutu. Ba'mdogo alipokuwa mtoto alikuwa anachungulia pale, anaiangalia barabara ikikimbia chini ya miguu yake. Kutu aliipaka kwa brashi ya nywele chache, tabaka juu ya tabaka, na matope chini ya madigadi ya magurudumu. Ungeapa limetoka mtoni.

Kilichobaki ni difu, fungu la gia katikati ya magurudumu ya nyuma. Ilikuwa ndogo kama kifundo cha mkono wa mtoto. Aliifungua akaijaza lehemu katikati ya gia, zikashikamana zote.

"Kwani difu kazi yake nini?" nilimuuliza.

"Kugawa nguvu. Kwenye kona ni nzuri, gurudumu moja lizunguke haraka, jingine polepole. Lakini kwenye mawe, moja likining'inia hewani, difu inalipa nguvu zote lile lisilo na kazi. Lililokanyaga jiwe linakosa."

"Kama hapa gerejini."

Alicheka mpaka lehemu ikamdondokea kwenye kiatu. "Nyamaza wewe, utanifukuzisha kazi. Ndiyo maana nimeifunga. Sasa likizunguka moja yanazunguka yote."

Jumapili alikuwa alipeleke kwenye machimbo ya mawe yaliyoachwa nje ya mji. Kuna watu wanakutana huko na malori yao madogo, wanayapandisha miamba. Alikuwa amewaona mara nyingi, amesimama mbali mikono nyuma. Safari hii angefika na lake. Hakuwa na kitu kingine alichokuwa akikingoja, na mtu yeyote aliyemtazama wiki ile alikijua.

Baba naye alikuwa na lake. Jumamosi angekuja mwenye malori, mtu anayetafuta gereji ya kumtunzia magari yake yote. Baba aliponusa habari ya lori la chumba cha makopo, yeye aliyekuwa akiliita midoli ya mtu mzima asiye na mke, akaingia mle ndani bila kubisha.

Alisimama analitazama. Akaliona bampa.

"Hivi kwenye mambo yote," alisema, "ukaona ukumbuke hili? Unajua nilikuwa nashuka barabara ya nyuma nisifike nalo getini shuleni? Walikuwa wananiita mtoto wa mgonjwa. 'Mpelekeni baba hospitali, anakohoa!'"

"Nakumbuka, kaka. Na mimi walikuwa wananiita hivyo."

"Wewe ulikuwa unacheka nao."

"Ndiyo."

Baba akajikohoza. "Jumamosi nitalionyesha kwa mgeni. Aone mikono tuliyo nayo."

"Lionyeshe. Ila usiligeuze kitu. Jumapili nalihitaji lilivyo."

"Kwani mimi mtoto?"

Ijumaa asubuhi akamtuma Ba'mdogo upande wa pili wa mji akanyooshe ubavu wa basi, na asirudi kabla haujakwisha. Hata vumbi la miguu yake halijatulia, Baba akatoka chumba cha makopo amelibeba lori kwapani kama kuku. Akaliweka juu ya meza ya kazi.

"Lisafisheni hili. Mgeni asije akadhani tunatengeneza takataka."

Nikatoka kibandani. "Baba, yale mabonyeo kayatia makusudi."

"Makusudi?" Akawageukia mafundi. "Mmesikia? Kuna kiumbe anatia bonyeo makusudi!"

Wakacheka. Na kusema kweli siwezi kuwashangaa. Ni watu wa gereji. Wao wakiona bonyeo mkono unawasha.

"Na kutu kaipaka kwa brashi," nikasema.

"Basi tukimwacha atatutobolea na magari ya wateja."

Spana, fundi wetu wa gia, alikuwa ameshalipindua anazungusha magurudumu kwa kidole. "Bosi, na difu imegandana. Hayaachani haya."

"Iachanishe."

"Haitakiwi kuachana!" nikasema. "Kaifunga mwenyewe, ya kupandia mawe—"

"Wewe rudi kwenye simu!"

Nilirudi kwenye simu, na nikaitumia. Nilimpigia Ba'mdogo. Ikaita mpaka ikakata. Nikapiga tena. Akiwa anapiga nyundo hata radi haisikii, na usiku simu yake ikawa haipatikani. Nikalala na hasira yangu.

Wakayagonga mabonyeo kwa ndani yakatoka. Wakajaza puti, wakapiga msasa, wakaziba na tundu la sakafuni. Bampa wakalinyoosha. Wakapuliza rangi nyekundu, nyekundu ya gari la zimamoto, lori ambalo babu hakuwahi kulipaka zaidi ya kijivu cha mabaki ya rangi. Spana akaiyeyusha lehemu, akaikwangua gia moja moja kwa sindano, akatia grisi, akalifunga huku anapiga mluzi. Kazi nzuri, siwezi kukataa.

"Kiganja atafurahi," aliniambia dirishani, uso wake wote unacheka. "Hakuniomba, lakini nimemfanyia."

Ungemwambia nini mtu kama huyo?

Jumamosi mwenye malori alikuja mapema. Mtu mwembamba, ana mafua, leso haiachi pua. Baba alikuwa amepanga vipande vya zege uani vikawa kilima, na lori limefunikwa kwa kitambaa. Ba'mdogo akaingia getini wakati ule ule, vumbi la basi limemjaa kwenye nyusi. Nikatoka mbio nimwahi. Baba akaniwahi mimi.

"Kiganja! Umefika wakati wake! Bosi, huyu ni mdogo wangu. Kitu utakachokiona, tumekitengeneza hapa hapa, kwa mikono yetu."

Akavuta kitambaa.

Lilikuwa linang'aa. Unaweza kunyolea ndevu kwenye mlango wake. Ba'mdogo alilitazama kama mtu anayeonyeshwa mgeni na kuambiwa ni ndugu yako huyu. Baba akashika rimoti.

Lori likaenda vizuri uani. Likafika kwenye zege, likaweka gurudumu la mbele, likainuka, na la nyuma likaning'inia hewani. Hapo likasimama. Lile la hewani likazunguka, zzzzz, kama nzi kwenye chupa. Lililokanyaga zege halikutikisika. Baba akakaza rimoti. Zzzzz. Likateleza likalala ubavu, rangi ikachubuka, na puti nyeupe ikaonekana.

Mwenye malori akajipenga. "Linapendeza," akasema. "Ila yangu mimi yanabeba mzigo."

Na mafundi, wale wale, wakacheka.

Baba akageuka, na hasira yote ikaenda kwa yule aliyeizoea. "Umetengeneza nini wewe? Mwaka mzima umejifungia, unaniaibisha mbele ya mgeni! Kitu hakiwezi kupanda hata kifusi!"

"Difu," alisema Ba'mdogo, taratibu. "Nani kafungua difu?"

"Mimi," Spana akasema, bado anatabasamu. "Ilikuwa imegandana, Kiganja. Nimekusafishia." Kisha tabasamu likaanza kumtoka lenyewe, maana alimwona uso.

"Nani kakutuma?"

Spana akamtazama Baba.

"Nimekutengenezea!" Baba akapaza. "Ulitaka nimwonyeshe mtu kutu? Ulitaka nimwonyeshe lori lililofanya nichekwe utoto wangu wote, na leo nina bango langu getini?"

"Nilikwambia usiligeuze."

"Gereji ni yangu! Kila kilichomo humu ni changu!"

"Kaka." Sikuwahi kumsikia akilisema neno lile hivyo. "Lile kubwa uliliuza udongo wa kaburi la baba haujakauka. Hukuniuliza. Nikanyamaza. Nikasema ni kaka, ana mzigo wa nyumba. Hili nimelitoa kichwani mwangu, kwa vidole hivi, kwa makopo uliyoyatupa. Umelifuta teke la baba. Umelifuta na lako mwenyewe, la nguzo ya geti. Sasa hebu niambie, humu ndani changu mimi ni kipi?"

"Usinipandishie sauti mbele ya wateja!"

"Nimekuuliza. Kipi?"

Nilimwona Baba anatafuta, macho yanazunguka uani, kwenye magari, kwenye pipa, kwenye meza. Hakukipata. Badala yake akasema lile analolisema kila siku.

"Rudi kazini."

Nilingoja "Sawa, kaka." Nadhani wote tulilingoja.

Ba'mdogo akavua ovaroli pale pale, mguu mmoja, mwingine, akaitupa chini. Akaenda mezani akakusanya nyundo zake na vyuma vyake vya kunyooshea, akavitia kwenye mfuko wa turubai. Lori hakuliinua. Spana alilishika akampelekea. "Kiganja, ndugu yangu, nitaifunga tena ile difu, leo hii hii."

"Kaa nalo," akamwambia. "Si lile tena."

Akapita dirishani kwangu. "Mama," akasema, "wewe uliwaambia?"

"Niliwaambia. Na simu nilipiga."

Akatikisa kichwa kukubali, akautupa mfuko begani, akatoka getini.

"Muacheni!" Baba alitangaza. "Atakwenda wapi? Njaa itamrudisha jioni!"

Jioni ikapita, wiki ikapita. Mwenye malori naye hakupiga simu. Gari la mwalimu mmoja bado liko uani, mlango mmoja umenyooka, mwingine umekunjamana. Watu wawili wameletwa kuujaribu, wameuzidishia mikunjo. Mwalimu anapiga simu kila asubuhi, anauliza yule fundi atarudi lini. Baba ananionyesha kwa mkono niseme kesho.

Leo mimi nimemwambia mwalimu kaondoka, harudi, na atafute gereji nyingine.